Nilivyokodi gari la kulala ndani tukazunguka Naivasha, Nakuru na Bogoria: uzoefu wangu

Mimi ni mtu wa Malindi, baridi ninayoijua ni ile ya kipupwe ya kujifunika leso ukalala. Agosti tulienda mimi, mume wangu na watoto wawili, siku sita, na gari la kukodi lenye kitanda, jiko la gesi, friji ndogo na hema juu ya paa. Kuendesha kutoka nyumbani tulikataa, maana mpaka Naivasha ni karibu kilomita 700 na siku mbili zingeishia kwa malori ya barabara ya Mombasa, tukapanda matatu hadi Mombasa, treni ya SGR hadi Nairobi, gari tukalipokea huko. Hapo tulipanga vizuri.

Tulipokosea ni kutaka kuona kila kitu. Nilikua nishaandika Naivasha, Longonot, Hell's Gate, Elementaita, Nakuru, Bogoria, Baringo, kwa vile kwenye ramani yamefuatana tu. Yamefuatana kweli lakini gari zito namna hii halikimbii, mteremko wa Mai Mahiu wateremka nyuma ya malori pole pole (tulisimama kwa lile kanisa dogo walojenga wafungwa wa vita wa Kitaliano 1942, sisi Malindi Waitaliano ni majirani zetu, nikaona lazima nishuke), halafu geti za mbuga zafungwa saa kumi na mbili jioni. Longonot na Baringo tukaziacha na wallahi sijuti, maana usiku wa pili kando ya ziwa Naivasha viboko walitoka majini kula nyasi, ng'ambo ya waya wa umeme, karibu kabisa na dirisha letu, wasikia majani yaking'oka na ule mhemo wao mzito, mwanangu mdogo akanishika mkono asiuachie mpaka akalala.

Lakini baridi jamani! Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri vioo vilikua vyatiririka maji kwa ndani, ni pumzi zetu wenyewe, na godoro upande wa ukutani limelowa. Blanketi walizotupa ni mbili nyembamba. Bebeni zenu, na kioo kimoja muache wazi kidogo hata kama mwaona baridi.

Malalamiko yangu makubwa ni friji. Nilibeba nguru kilo tatu amegandishwa, siku ya tatu asubuhi nafungua naona friji imezima, harufu ndo hiyo. Friji yatumia betri ya pili, ambayo yapata chaji injini ikinguruma, na sisi tulikua tumeegesha siku mbili. Hakuna alotuambia wakati wa kukabidhiwa gari, na fundi wao alipoiangalia Nakuru akasema hiyo betri yenyewe ishazeeka. Kampuni waliomba radhi wakarudisha pesa ya siku moja, nawashukuru, ila mbele yako waambie waiwashe friji na injini imezimwa, ungoje, uone.

Nakuru tulipita haraka, vifaru tukawaona. Bogoria ndo nilotaka zaidi, wavuka ikweta pale Mogotio, joto larudi kama la kwetu, maji ya moto yaruka kutoka ardhini na heroe wamejaa ukingoni. Tulilala usiku mmoja tu, watoto wakalia kuondoka.

Disemba inshaallah narudi, Bogoria na Baringo tu, siku sita zote.