Saa ya mfukoni inayogonga dakika: sauti nene safi, nyembamba ina mkwaruzo

Saa hii ni ya Kiswisi, ya mwishoni mwa karne ya 19, kasha la dhahabu nyekundu, na usoni haina jina la mtengenezaji. Inauzwa katika duka moja la vitu vya kale hapa Lamu, upande wa Mkomani. Muuzaji anasifu dhahabu. Mnunuzi atazame nyaya mbili za chuma zilizoizunguka mashine, na nyundo mbili zinazozipiga, kwani sauti yote inatoka hapo.

Ukisukuma kitelezi cha ubavuni, unakaza springi ndogo ya pekee, kisha saa inahesabu: waya wa sauti nene kwa saa, nyaya zote mbili zikifuatana kwa kila robo, na waya wa sauti nyembamba kwa dakika zilizozidi. Ijaribuni akrabu zikiwa kwenye 12:59, maana hapo ndipo mapigo huwa mengi kuliko wakati mwingine wowote: 12, kisha 6 ya robo tatu, kisha 14, jumla 32. Saa hii inafika mwisho bila kuchoka, na mapigo yanaachana sawasawa. Kati yake husikika mvumo, kwa sababu kidhibiti mwendo chake, yaani kipande kinachozuia mapigo yasiende mbio, ni cha nanga, kinachotikisika huku na huku. Vidhibiti vya aina nyingine, vinavyozunguka, hukaa karibu kimya. Anayetaka ihesabu kwa saa za Kiswahili aisogeze akrabu saa sita mbele. Mashine haijali.

Sauti nene ni safi na inakaa. Nyembamba inakatika mapema, tena ina mkwaruzo. Kifuniko cha nyuma kikifunguliwa, mkwaruzo unatoweka, kwa hiyo waya unagusa kifuniko. Hilo hurekebishika: fundi aupinde kidogo sana karibu na mguu wake, yaani pale uliposhikizwa, asiupinde katikati, kwa kuwa chuma hicho kimetiwa ugumu na huvunjika ghafla. Baada ya hapo mwanga uonekane kuuzunguka waya wote.

Kukatika mapema ni jambo jingine. Nyundo inapaswa kupiga na kurudi mara moja, na kuna springi ndogo inayoirudisha. Ikilegea, nyundo hubaki juu ya waya na kuuziba, au hupiga mara mbili. Nyundo ikikaa mbali mno, pigo huwa dhaifu. Hapa nyundo ya sauti nyembamba inachelewa kuondoka. Skrubu ya mguu wa waya imekaza vizuri, nayo ndiyo ya kwanza kukaguliwa, maana ikilegea hata waya bora hauokoi sauti.

Kinachotia wasiwasi ni madoa ya kutu karibu na mguu. Hewa ya chumvi ya hapa huingia kwenye makasha ya zamani bila kizuizi. Usikubali fundi atumie msasa au tupa: kupunguza chuma mguuni hushusha sauti, kufupisha ncha huipandisha, na nyaya mbili zikishaachana kwa kipimo ni kazi ngumu kuzirudisha. Wala asipake mafuta juu ya waya. Mafuta huzima mlio. Ukiinunua, iweke kwenye kopo linalofunga sawasawa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, si kwenye zidaka za ukutani katika chumba kinachotazama bahari.

Kasha la dhahabu nyekundu linaipa sauti joto. Platini, kwa uzito wake, huimeza zaidi, na titani hupitisha vyema kwa wepesi wake. Ukisikiliza, iweke juu ya meza ya mvule, isiwe kwenye kitambaa wala kiganjani, kwani nyama hunyonya sauti. Watengenezaji wa leo wamelishughulikia tatizo hilo: mwaka 2015 kampuni ya saa ya Uswisi, Audemars Piguet, walizishikiza nyaya kwenye ubao wa sauti badala ya bamba la mashine.

Inafaa kununuliwa, kwa sharti kwamba muuzaji akubali fundi aifungue kwanza na gharama ya kurekebisha nyundo na waya itoke kwenye bei. Kisha, usisukume kitelezi nusu, na usigeuze akrabu saa inapogonga. Meno ya ndani huvunjika, na vipuri vyake havipatikani dukani, huchongwa kimoja kimoja kwa mkono.