Sanduku la majaribio ya urithi: mahindi yake ni dhahabu, kijitabu chake kichujwe

Sanduku lina mahindi matatu makavu yenye punje zake, mifuko miwili ya shanga, vipande vya karatasi ya kuonja vyenye PTC (kemikali chungu kwa baadhi ya watu) na kijitabu cha maelekezo. Kinacholipa gharama ni mahindi. Shanga zinafaa ukizirekebisha kidogo, karatasi zinafaa ukijua mipaka yake, na kijitabu kina ukurasa mmoja ambao afadhali ungechanwa.

Tuanze na mahindi. Mendel, mwanzilishi wa elimu ya urithi, alihesabu mbegu 7,324 za njegere za kizazi cha pili akapata 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana, yaani 2.96 kwa 1. Hapa hakuna maganda ya kufungua: hindi moja hubeba punje mia kadhaa, na kila punje ni mtoto anayejitegemea, kwa sababu kila unywele wa hindi huchavushwa na chembe yake ya chavua. Hindi la kwanza linaonyesha zambarau kwa njano, 3 kwa 1. La pili linaongeza sifa ya wanga na sukari, kwa hiyo makundi manne kwa uwiano wa 9:3:3:1. La tatu ni mseto wa kupima, yaani zambarau chotara kwa njano, nusu kwa nusu.

Kabla ya lolote, loweka punje moja ya zambarau kwa saa chache, kisha imenye. Rangi ikibaki ndani baada ya ganda kutoka, hindi linafaa. Ikitoka na ganda, halifai kwa somo hili, kwani ganda la punje ni mwili wa mama, nalo huwa na rangi moja hindi zima. Rangi inayotakiwa iko kwenye aleuroni, tabaka jembamba chini ya ganda, ambalo huzaliwa na utungisho na kupokea jeni za pande zote mbili. Mahindi ya sanduku hili yamefaulu jaribio hilo.

Kuhesabu ndiko kunakoharibu matokeo ya wengi. Choma pini kwenye safu ya kuanzia, mmoja ataje, mwingine aandike. Safu za hindi huwa shufwa: 12, 14, 16. Ukiishia na witiri, kuna safu umeiruka au umeirudia. Amueni mapema kwamba punje za ncha zilizobanwa hazihesabiwi, na msibadili uamuzi katikati. Anayeamua punje kwa punje hujikuta anavuta hesabu kuelekea jibu analolitaka bila kujua.

Utakutana pia na punje zenye mabakabaka ya zambarau. Zihesabu kama zambarau. Tabaka la aleuroni lina nakala mbili kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba, na aleli (toleo la jeni) ya rangi ikija kwa baba peke yake mara nyingi rangi hutoka ya madoadoa badala ya kutapakaa. Kijitabu hakisemi neno juu ya hili, na ndiyo sababu kundi moja hupata 3 kwa 1 huku la jirani likikaribia nusu kwa nusu kwenye hindi lilelile.

Kwenye hindi la pili, usidanganywe na kibonyeo. Punje ya wanga inaweza kuwa na shimo dogo utosini, lakini mashavu yake hubaki yamejaa. Punje ya sukari hujikunja mwili mzima, na ukiimulika kwa tochi hupitisha mwanga kama kioo kichafu. Jeni ya rangi iko kwenye kromosomu ya 10 na ya sukari kwenye ya 4, ndiyo maana sifa hizo mbili hazifuatani.

Kwa kai-mraba, kipimo cha kuona kama hesabu yako iko mbali mno na matarajio, kijitabu kinaeleza vizuri. Ukipata zambarau 290 na njano 110, matarajio ni 300 na 100. Tofauti ni 10, na mraba wake ni mia moja. Mia moja kugawa kwa 300 ni 0.33, mia moja kugawa kwa 100 ni 1, jumla 1.33. Iko chini ya 3.84, kikomo cha makundi mawili, hivyo uwiano wa 3 kwa 1 haukataliwi. Kwa makundi manne kikomo ni 7.81. Usijaribu kwa punje chache: ukichukua punje 8 tu, kuna uwezekano wa takriban asilimia 10 usione njano hata moja.

Shanga, zinazosimama badala ya aleli za wazazi, zina kasoro mbili. Nyekundu ni kubwa kidogo kuliko nyeupe na vidole huzitambua, kwa hiyo chota bila kupapasa au tafuta za ukubwa mmoja. Kisha kila shanga irudishwe mfukoni kabla ya kuchota tena. Kijitabu kimesahau kusema.

Karatasi za PTC zinahitaji kuonjwa baada ya kile kipande kisicho na dawa, kila mtu na chake, na kinywa kisuuzwe katikati. Uchungu huu unategemea zaidi jeni ya TAS2R38 kwenye kromosomu ya 7, lakini watu hawagawanyiki wazi kuwa waonjaji na wasioonja. Wapo wanaohisi kidogo tu. Toa alama ya 0 hadi 3 badala ya ndiyo na hapana.

Ukurasa wa kuchana ni ule unaosema kukunja ulimi na ndewe za masikio ni sifa za jeni moja. Si kweli. Mapacha wanaofanana kabisa wamewahi kukutwa mmoja akikunja ulimi na mwenzake akishindwa, na ndewe, ambazo hugawanywa kuwa zilizoshikana na zinazoning'inia, zina umbo la katikati lisilo na upande. Mtoto akirudi nyumbani na jedwali hilo anaweza kuanza kumtilia shaka baba yake, kwa hesabu isiyo na msingi.

Kuhusu kuhifadhi, adui ni fukusi. Weka mahindi kwenye mfuko usiopitisha hewa, yagandishe kwa siku kadhaa, kisha yaache yafikie joto la chumba kabla ya kufungua, la sivyo unyevu utatua juu ya punje na ukungu utafuata.