Basi la Moyale kwenda Addis: wameenda na begi langu mimi wakaniacha

Nilisema nitulie kwanza ndio niandike, lakini siku zinapita na bado nikimkumbuka yule jamaa wa tiketi roho inachafuka, kwa hiyo wacha niandike hivi hivi na hasira zangu.

Nairobi mpaka Moyale sina neno. Lami mwanzo mwisho, kero ni polisi tu, kila ukipitiwa na usingizi mnaamshwa, shukeni, vitambulisho, mpaka ikafika mahali paspoti nikawa nalala nayo mkononi. Mpakani pia freshi, Wakenya Ethiopia hatuhitaji viza, muhuri unagongwa unavuka kwa miguu, na hapo ndio unaona magari yanahamia mkono wa kulia.

Balaa liko ng'ambo. Nikaenda kukata tiketi ya Addis, jamaa shavu limejaa miraa, usoni haniangalii. Nikamuuliza kwa Kizungu basi linaondoka saa ngapi, akasema "ileven", na kwenye tiketi akaandika 11:00. Akaniambia begi kubwa nimwachie lifungwe juu ya basi mapema, asubuhi kutakuwa na fujo. Nikamwachia. Yaani mimi na akili zangu nikamwachia.

Nikalala vizuri, nikaamka kwa raha zangu, nikanywa kahawa yao vikombe viwili (kahawa hiyo jamani, tusiiingize kwenye ugomvi huu), saa nne na nusu asubuhi niko kituoni. Basi hakuna. Begi hakuna. Jamaa yupo pale pale, miraa ile ile. "Gari limeenda ileven." Nikamwambia ileven bado haijafika! Akacheka, na kibanda kizima kikacheka, halafu akanigeukia kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha kwetu, "Ndugu yangu, saa kumi na moja. Alfajiri."

Nilitamani ardhi ipasuke. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, jua likishachomoza ndio saa moja, na mimi mtoto wa Mombasa niliyekuzwa na saa hiyo hiyo nimekosa basi kwa kujitia kuuliza Kizungu. Ningesema tu "saa ngapi" yangu ya nyumbani, sasa hivi ningekuwa nishapita Yabelo.

Lakini subiri, usinicheke bado. Kaiona paspoti yangu ya Kenya, Kiswahili anacho, kwa nini akae kimya? Si kazi yake kila siku ni kuuzia watu wanaovuka? Na hata birr moja hakurudisha, nikalipa upya basi la kesho yake, pole sikuambiwa. Kwa hiyo huduma sifuri. Sawa, moja, na hiyo moja ni ya dereva wa siku ya pili ambaye hakuwa na makosa.

Njiani ningefurahi kama roho ingekuwa imetulia. Upande wa Borana ngamia na vichuguu virefu kupita mtu, halafu ukikaribia Dilla nchi yote inageuka kijani, kahawa na ile mimea yao kama migomba isiyozaa ndizi, na mimi nimekaa dirishani nawaza boksa zangu ziko kwa nani.

Addis ofisini kwao nimeingia na hotuba nzima nimeipanga. Mama wa pale hakuniuliza chochote, akanyoosha kidole kwenye kona. Begi. Limefungwa kamba, limebandikwa karatasi yenye jina langu, hata kandambili nilizochomeka ubavuni ziko. Kumbe jamaa wa Moyale alishapiga simu tangu siku ile, akasema kuna Mkenya mmoja mkali anakuja.

Mkali mimi!

Haya, nyota tatu. Mbili na nusu, maana pesa yangu bado anayo. Narudi kwa njia ile ile wiki ijayo na nikirudi tena Addis tiketi nitaikata kwake, ila begi nitalala nalo mwenyewe.