Kaunta ya jiwe jikoni: ya kung'aa, ya ngozi au isiyong'aa?

Anza na matoke. Utomvu wa ndizi mbichi ukidondokea jiwe huonekana kama maji tu. Uache mpaka jioni, unageuka kahawia, halafu mweusi, na kama jiwe ni jeupe na halikupakwa dawa ya kuziba vitundu, sabuni haitakusaidia kitu. Miongozo mingi ya kununua kaunta imeandikwa kwa watu ambao hawajawahi kumenya matoke. Sisi tunamenya, tunakamua ndimu kwenye samaki, tunamwaga bizari, na mlango wa jikoni uko wazi kwa vumbi jekundu tangu asubuhi. Kwa jiko la namna hiyo, swali la kwanza ni jiwe lenyewe, la pili ni uso wake. Rangi ije baadaye.

Graniti nyingi ni kwatzi na feldispa. Katika kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, madini haya yana ugumu wa 6 hadi 7, hivyo kisu cha kawaida hakiyakwaruzi. Marumaru ni kalsaiti, ugumu wake ni 3 tu, na asidi inaila. Ndimu, ukwaju, siki, nyanya, pasheni, vyote vinaacha baka lililofifia, na baka hilo si doa: ni uso wa jiwe ulioliwa, huwezi kuusugua ukarudi. Marumaru tunayo hapa nyumbani Uganda, kule Moroto, na graniti ipo Mubende, lakini slabu nyingi, yaani mabamba makubwa ya jiwe, unazokuta kwenye yadi za Kampala zimepanda meli, zikashuka Mombasa, zikavuka Malaba au Busia kwa lori.

Kwa hiyo nenda yadi na ndimu mfukoni. Mimi nilioneshwa slabu nyeupe, nikaambiwa, "Mama, hii ni graniti nyeupe ya India." Nikaomba kipande kilichobaki, nikakamulia ndimu, tukanywa chai. Baada ya dakika kumi nikafuta. Pale palibaki duara lisilong'aa, kama ukubwa wa sarafu ya shilingi 500. Fundi akaligeuza jiwe kwenye mwanga, akalitazama, akasema, "Labda ndimu yako ni kali." Sikununua.

Sasa nyuso zenyewe, kwa mpangilio wangu.

Namba moja ni graniti ya kung'aa yenye madoadoa. Jiwe husuguliwa kwa pedi za almasi, kuanzia zile za kukwaruza hadi laini kabisa, mara nyingi namba 3000, mpaka uso unafunga na kuwa kama kioo. Mafuta na utomvu hupata shida kupenya, na kitambaa kimoja chenye maji na sabuni kidogo kinatosha. Slabu nyingi hufika zikiwa zimeshang'arishwa kiwandani, kwa hiyo hulipi kazi ya ziada. Ila chagua yenye mchanganyiko wa rangi, kijivu na kahawia na nyeusi pamoja, kwa sababu unga na vumbi vinajificha humo mpaka upate nafasi ya kufuta. Usirudie kosa langu. Jiko langu la kwanza, Jinja, niliweka nyeusi tupu ya kung'aa. Dukani ilikuwa kama gari jipya. Nyumbani, jua la saa kumi jioni likiingia dirishani, kila kidole kilichopita siku hiyo kilionekana, na duara la kila kikombe. Nilikuwa nafuta, nakauka jasho, nageuka, nakuta kidole kingine. Ukiitaka nyeusi, angalau tafuta yenye chembe kama ile ya Black Galaxy inayochimbwa Andhra Pradesh, India. Vimulimuli vyake vinasaidia kidogo. Kidogo tu.

Namba mbili, na kwa mawe meusi naiweka ya kwanza: ya ngozi. Mashine ya brashi zenye almasi hupitishwa juu ya jiwe, madini laini yanapungua, magumu yanabaki, na uso unakuwa na mabonde madogo ambayo mkono unayahisi kabla jicho halijayaona. Ni kama kupapasa mkoba wa ngozi wa zamani. Alama za vidole na matone ya maji hazionekani. Shemeji yangu wa Entebbe anayo, na nikifika kwake najiuliza kwa nini nilihangaika na kile kioo changu. Udhaifu wake ni unga. Usisukume chapati moja kwa moja juu yake, donge linaingia kwenye mabonde na utalitoa kwa brashi laini ukilaani. Pia si kila karakana ina mashine hiyo. Omba kuona kaunta waliyokwisha kuitengeneza, uiguse.

Na hapa kuna jambo ambalo karibu kila mtu analisahau: kingo. Shemeji aliletewa kaunta yenye uso wa ngozi, ila ukingo wa mbele umepigwa grainda ukang'aa, na tundu la sinki likaachwa na alama za msumeno. Karakana ikasema hakuagiza kingo. Kweli, hakuziagiza, nani anaagiza kingo? Basi wewe ziagize. Iandikwe kwenye risiti kwamba ukingo wa mbele, pembeni na tundu la sinki vyote vinamaliziwa sawa na uso.

Ya tatu ni laini isiyong'aa. Usuguaji unasimamishwa mapema, namba 400 au karibu na hapo, kabla jiwe halijawa kioo. Inapendeza, imetulia, lakini hunywa zaidi kuliko ya kung'aa, hivyo dawa ya kuziba hurudiwa mara kwa mara, na juu ya jiwe jeusi mafuta huacha vivuli vya mikono. Kwenye graniti ya kijivu ni sawa. Kwenye marumaru ndiyo ninayoishauri, kama moyo wako umekataa jiwe lingine lolote: ndimu itaila vilevile, ila baka lililofifia juu ya uso ambao tayari umefifia halikupigii kelele.

Marumaru ya kung'aa iko ya nne. Iweke kwenye meza ya sebuleni.

Ya mwisho, iliyochomwa moto, wauzaji wengine huisifia kwa sababu haitelezi. Mwali mkali hupitishwa juu ya graniti, chembe za kwatzi zinatanuka ghafla na kuruka, uso unabaki na makwaruzo. Safi sana kwa ngazi za nje wakati wa mvua. Jikoni kitambaa chako kitachanika.

Kabla hujalipa, fanya vitu viwili. Chovya kitambaa cheupe kwenye asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, usugue slabu nyeusi. Kitambaa kikigeuka cheusi, jiwe limepakwa rangi. Kisha dondosha maji usubiri dakika kumi na tano. Pakitia giza, jiwe linakunywa na linahitaji dawa ya kuziba. Yakibaki tone juu, usikubali kuuziwa dawa hiyo, maana jiwe lililoshikana haliinyonyi, inaganda juu na kuacha ukungu. Na hata ikipakwa vizuri, dawa hiyo inazuia doa tu. Asidi haizuii.

Uliza pia bei ni kwa mita ya mraba au kwa futi ya urefu, na unene ni milimita 20 au 30. Pima mwenyewe kwa tepu. Sigiri ya mkaa usiipandishe juu hata ukiambiwa graniti haiogopi moto: joto la sehemu moja linaweza kulipasua jiwe, na gundi iliyojazwa kwenye nyufa zake inabadilika rangi.

Kipande kinachokatwa kutoa nafasi ya sinki ni chako, umekilipia. Kidai, na uombe kingo zake zisuguliwe. Changu ndicho ninachosukumia chapati.