Miaka minne na faili la gari: uzoefu wangu

Fundi alifungua boneti, akamulika tochi pembeni mwa injini, akaniuliza, "Dada, mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini?" Nilijua umebadilishwa, maana siku hiyo nilikaa gereji mpaka kazi ikaisha. Nikatoa risiti kwenye droo ya dashibodi, ndani ya kimfuko cha plastiki nilichoinunulia makusudi, nikakuta karatasi nyeupe. Hakuna tarehe, hakuna kilomita, umebaki ukungu wa kijivu pale palipokuwa na jina la duka.

Kwenye injini nyingi mkanda huo ukikatika, pistoni zinagonga valvu, na hapo hesabu si ya spea moja tena. Sikutaka kubahatisha, tukabadilisha upya. Mkanda wa zamani ulipovuliwa niliukunja kwa vidole: haukuwa na ufa hata mmoja na meno yake yote yalikuwa mazima. Iliniuma sana. Wiki hiyo hiyo nikanunua faili la pete mbili, lile gumu la ofisini, lenye mifuko angavu na karatasi za mistari. Nimelitumia miaka minne sasa.

Nianze na kasoro, kwa sababu ndiyo iliyoniumiza mwanzo. Mifuko iliyokuja na faili ni ile plastiki laini ya PVC, yenye harufu ukiifungua. Risiti nyingi za mashine hazichapwi kwa wino. Karatasi yenyewe ina kemikali inayogeuka rangi kwa joto. Gari likishinda juani, risiti inaharibika. Na vilainishi vilivyomo kwenye PVC laini navyo hufuta maandishi, kwa hiyo kile kimfuko changu kilikuwa kinaimaliza risiti niliyodhani kinailinda. Niliitoa mifuko yote nikaweka ya polipropilini, inayochakacha ukiishika na haina harufu. Kama kuna alama ya pembetatu, tafuta namba 5. Namba 3 ndiyo PVC. Hata hivyo kila risiti naitoa kopi kwenye karatasi ya kawaida siku ile ile, na picha naihifadhi nje ya simu.

Daftari la ndani ndilo lenye faida kubwa. Nimechora safu sita: tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika, spea na namba yake, fundi, na lini tena. Mstari wangu mmoja unasomeka hivi: "km 87,420, oili 5W-30, filta ya oili, washa mpya ya nati ya kumwagia, tena km 97,420." Kilomita naisoma mwenyewe kwenye dashibodi kabla gari halijaingia gereji, kwa sababu kwenye risiti mara nyingi haiandikwi kabisa. Tarehe nayo usiipuuze. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani hata gari likiwa limeegeshwa, na watengenezaji wengi wanataka yabadilishwe kila miaka 2. Mimi natembea kidogo, kwa hiyo ningefuata kilomita peke yake ningechelewa sana.

Matairi pia nayaandika. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2321 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2021. Nilipokuwa nanakili namba za matairi mawili niliyouziwa kama jozi mpya, nikaona moja limelitangulia lenzake kwa miaka mitatu. Nilirudi nalo siku hiyo hiyo, likabadilishwa.

Ila siku faili liliponishangaza ni ile ya oili. Kila ninapoongeza oili naandika, hata iwe nusu lita. Mistari mitatu ilifuatana: km 90,100, km 91,500, km 92,300. Ukiongeza mara moja moja huoni kitu, lakini pale kwenye ukurasa nafasi ilikuwa inapungua wazi, 1,400 kisha 800. Nikampelekea fundi ukurasa wenyewe. Alikuta gasketi ya kava ya valvu inavujisha nyuma, upande usioonekana ukisimama mbele ya gari. Kama ningeendelea hivyo bila kupima oili, injini ingenoki.

Kabla ya faili nilijaribu programu ya simu. Kwa kukumbusha na kupiga hesabu za mafuta ilikuwa nzuri kweli, lakini simu ilipoharibika nilipoteza kumbukumbu za miezi minane. Ukipenda programu, hakikisha kwanza inakuruhusu kutoa data zako zote kama faili la kawaida, kisha uzitoe mara kwa mara. Mimi simu naiachia kazi ya kunikumbusha tu.

Faili ni nene, halienei kwenye droo ya dashibodi, kwa hiyo linakaa nyumbani. Ndani ya gari nimebakiza kadi moja ngumu yenye aina ya oili, presha ya matairi, namba ya chesisi na kilomita za sevisi ijayo. Pete hazijalegea, jalada halijachanika. Nalipatia faili hili nyota nne kati ya tano. Ile moja imeondoka na mifuko ya PVC.