Laptopu za kubeba kwa kazi za picha, video na muziki: nimezipanga kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho

Kanuni niliyotumia kupanga hapa ni moja tu, chomoa chaja kwanza ndo uangalie. Maana laptopu yoyote mpya ukiifungua mara ya kwanza ni tamu, kioo kinawaka, bodi ya baridi, programu zinafunguka chap, na watu wengi hela inawatoka hapo hapo. Lakini mtu anayeediti safarini, au ukumbini huku shughuli inaendelea, au kakaa kwenye ngazi anamsubiri mteja, hana soketi karibu, na mashine nyingi zinazosifiwa kwa kasi zinasifiwa zikiwa zimechomekwa ukutani. Kwa hiyo usishangae ukikuta yenye kadi kubwa ya grafiki nimeiweka mkiani.

Namba moja ni MacBook Pro ya inchi 14, ile ya chini kabisa, yenye chipu ya Apple ya M4 ya kawaida au M5. Wengi wanaiona Pro ni ya watu wa studio wanairuka kwenda kwenye Air, mi naona mtu wa kuhamahama na kamera ndo anaihitaji zaidi. Ina tundu la kadi ya SD, yaani unatoa kadi kwenye kamera unachomeka hapo hapo hamna kupekua adapta chini ya begi, ina HDMI ya saizi ya kawaida so ukifika kwa mteja unachomeka kwenye TV yake mnaangalia kazi. Kioo chake ni mini-LED (taa ndogo ndogo nyingi nyuma ya kioo) na ukikaa nje kwenye mwanga kinapanda mpaka niti 1000 (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo) kwa vitu vya kawaida, video za HDR zenye mwanga mkali zaidi zinagusa 1600, wakati laptopu nyingi za kawaida zinaishia niti 300 au 400. Kama hujawahi kuchagua picha mchana kweupe kwenye kioo cha niti 300 basi nikwambie tu, utakachokuwa unaangalia muda mwingi ni uso wako mwenyewe.

Halafu ina feni. Kurenda video ndefu, yaani kutoa faili la mwisho, feni inaanza kuvuma taratibu, kasi inabaki pale pale, na haijali kama upo kwenye chaja au kwenye betri. Hicho ndo kitu ambacho upande wa Windows bado wanahangaika nacho.

Kasoro zipo. Ina kilo 1.55, sio nzito ila begani utaijua. Hiyo mini-LED ukiweka maandishi meupe kwenye weusi mtupu inaacha kama ukungu pembeni mwa herufi, na ukiskroli haraka kuna kivuli kinachelewa nyuma, mwingine hata haoni mwingine linamkera kila siku, kaiangalie kwa macho yako. M5 ilitoka Oktoba 2025 ndani ya bodi ile ile, kwa hiyo ukiikuta M4 imeshushwa bei usiikimbie.

Namba mbili, MacBook Air ya M4, ile iliyotoka Machi 2025. Hii ndo mashine ambayo mwanzoni inakudanganya kuliko zote, na nasema hivyo huku naipenda. Inchi 13 ina kilo 1.24, haina feni kabisa, ukiishika inaonekana kama haiwezi kazi halafu unafungua Lightroom, programu ya kusafisha picha, unamwaga picha za RAW (faili ghafi nzito za kamera) inazipangua kama hamna kitu. Kiongozi, usiishie hapo. Mpe video ya 4K yenye rangi ulizozigusa na vichujio viwili vitatu, mwambie atoe faili la nusu saa, halafu kaa uiangalie. Dakika za mwanzo inakimbia sawa na Pro, asilimia zinapanda tu, baadae sehemu ya juu ya kibodi karibu na bawaba inaanza kupata moto, ule mstari wa asilimia unaanza kuvuta miguu, na hakuna sauti yoyote ya kukuambia kwamba imepunguza mwendo. Haijaharibika, ndo ilivyotengenezwa, joto likizidi na feni hamna njia iliyobaki ni kupunguza kasi.

So kwa nani? Mpiga picha, mchoraji wa mabango na nembo, mtu wa muziki (hapa ukimya wake ni dhahabu, unarekodi sauti maiki ikiwa pembeni ya kompyuta na hamna mvumo unaoingia), mtu wa video fupi fupi za simu. Kwa hao wote ningeiweka namba moja bila kusita. Ila anayekata video za saa nzima kila wiki aongeze hela kidogo apande juu. Kumbuka pia ina matundu mawili tu ya USB-C, yote upande mmoja, kadi ya SD hamna, adapta utanunua utake usitake. Ya M4 inaanzia RAM GB 16 ambayo angalau inaeleweka, ila hifadhi inaanzia GB 256 na hiyo kwa mtu wa video ni mzaha.

Namba tatu itawashangaza wadau, MacBook Pro ya inchi 14 ya 2021 yenye M1 Pro, iliyotumika. Ilitoka Oktoba 2021 na tundu la SD, HDMI, kioo cha mini-LED, RAM kuanzia GB 16, yaani karibu kila kitu kilichoifanya namba moja iwe namba moja. Imezeeka lakini haijachoka. Shida ya mtumba sio mashine, ni aliyekuwa nayo. Kabla hujatoa hela hakikisha mwenyewe ametoa akaunti yake ya Apple mbele yako, maana ikifungwa na akaunti ya mtu umebeba chuma tu, na angalia isiwe bado imesajiliwa kwenye mfumo wa kampuni au shule fulani, zile ukizifuta na kuziwasha upya zinakuletea ukurasa wa bosi wa zamani. Betri nenda kwenye taarifa za mfumo uone idadi ya mizunguko ya kuchaji, Apple wanahesabu 1000 kwa hizi mashine, ikikaribia hapo weka gharama ya betri mpya kwenye hesabu zako. Na usishawishike na MacBook za Intel hata ziwe bei ya bure, Apple walishasema Juni 2025 kwamba macOS Tahoe ndo mfumo wa mwisho kwa hizo za Intel.

Sasa twende Windows, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo kwenye mtego ambao wauzaji wengi hawausemi.

Namba nne ni ASUS ProArt, P16 au kadogo kake PX13. Kwa mtazamo wa kwanza hizi ndo zinavutia kuliko zote, nyeusi tii, kioo cha OLED (kila nukta inawaka yenyewe) kinachofanya picha yako ya kawaida ionekane kama tangazo, na juu ya tachipedi kuna duara la DialPad unazungusha kidole kubadili ukubwa wa brashi au kutembea kwenye taimulaini, ukishalizoea ni raha. P16 ya 2024 ina kioo cha inchi 16 cha 4K, tundu la SD saizi kamili, kilo 1.85. PX13 ina kilo 1.38, kioo kinageuka nyuzi 360 unachora kwa kalamu kama tableti, ila kadi yake ni ya microSD, nzuri kwa droni, kwa kamera nyingi kubwa utarudi kwenye adapta.

Mtego wenyewe huu hapa. Kamera nyingi za sasa, mfano Sony A7 IV au Canon R6, zinaweza kurekodi H.265 (namna ya kubana video) ya biti 10 yenye rangi za 4:2:2, yaani inabeba taarifa nyingi zaidi za rangi. Hilo faili linahitaji chipu yenye sehemu maalum ya kulifungua, bila hiyo prosesa inalifungua kwa nguvu za kifua na taimulaini inakatakata hata kama una kadi ya grafiki ya maana. Chipu za Apple kuanzia M1 zinalifungua. Prosesa za Intel za miaka ya karibuni zinalifungua. RTX, kadi za grafiki za NVIDIA, za mfululizo wa 40 hazilifungui, na Ryzen, prosesa ya AMD iliyomo kwenye hizi ProArt za 2024 nayo hailifungui, so umenunua mashine ya gharama yenye RTX 4070 halafu laptopu nyembamba ya Intel isiyo na kadi yoyote inakushinda kucheza klipu ile ile, inauma. NVIDIA wamelirekebisha kwenye mfululizo wa 50 uliotangazwa Januari 2025, kwa hiyo ukitaka ProArt kwa ajili ya video tafuta yenye RTX 50, ama sivyo zoea kutengeneza proksi (nakala nyepesi za klipu) kabla ya kuanza kukata, na proksi zinakula muda na hifadhi. Kama unarekodi 4:2:0 ya kawaida yenye taarifa chache za rangi, simu na droni nyingi ziko hapo, ishu hii haikuhusu endelea na maisha.

Kilichoishusha mpaka nne sasa ni chaja. Ikiwa imechomekwa kazi za 3D na za AI inaziacha mbali MacBook Air, anayetumia Blender, programu ya 3D, atanibishia mpangilio wangu wote na ana haki yake. Ukichomoa, kadi ya grafiki inabanwa na betri inashuka mbele ya macho yako.

Tano: laptopu nyembamba za Windows zenye prosesa ya Intel Core Ultra 200V, zinauzwa na kampuni nyingi kwa majina tofauti. Betri yake inakaa, 4:2:2 inafungua, feni mara nyingi huisikii, na kwa picha, mabango na video fupi inatosha. RAM imewekwa juu ya chipu yenyewe, kuna GB 16 au 32 basi, chagua 32. Sio mashine ya 3D. Kama hutaki mambo ya Apple na hubebi kazi nzito, anzia hapa, usianzie kwenye ProArt.

Zile za Windows zenye prosesa ya Snapdragon X, za aina ya Arm kama za simu, sijazipa namba. Betri ni noma kweli, Photoshop na Lightroom zinafanya kazi vizuri, ila mtu wa muziki mwenye kadi ya sauti ya nje na plagini zake za miaka, hakikisha kwanza driva ya kifaa chako (programu inayokiunganisha na kompyuta) ipo kwa Windows ya Arm, kama haipo kifaa kimekuwa pambo.

Ya mwisho ni laptopu za gemu, na najua ndo zinazonunuliwa sana kwa sababu namba zake kwenye boksi ni kubwa. Kwa mtu anayekaa mezani ni dili zuri kuliko zote nilizotaja juu, sibishi. Kwa kubeba hapana. Chaja peke yake ni tofali. Halafu hilo jina RTX 4060 halikwambii kitu ukilisoma peke yake, NVIDIA wanaruhusu watengenezaji waipe umeme kuanzia wati 35 mpaka 115, so mashine mbili zenye stika ile ile moja inaweza kuwa nyembamba imebanwa kooni na nyingine inapumua. Angalia wati, sio stika. Na kioo, aisee kioo, nyingi za bei ya chini zinaandikwa NTSC 45%, kipimo cha rangi ambazo kioo kinaweza kuonyesha, hiyo ukiibadili ni kama theluthi mbili tu ya sRGB, kiwango cha rangi cha kawaida cha kompyuta na mtandao, maana yake unarekebisha rangi ambazo huzioni, ngozi ya mtu unaipandisha wekundu mpaka kwako inaonekana sawa halafu mteja akifungua kwenye simu yake bibi harusi kawa nyanya. Kwa kazi ya rangi usishuke chini ya sRGB 100%, na P3 (kiwango kipana zaidi) kama video zako zinaenda kuangaliwa kwenye simu za kisasa.

Ukifika dukani usiingie mikono mitupu. Beba klipu zako mwenyewe kwenye diski ya nje, zile nzito kabisa za kamera yako, sio video ya sampuli waliyoiweka wao. Mwombe muuzaji achomoe chaja, punguza na kuongeza mwanga wa kioo uone maandishi yanavyosomeka karibu na dirisha, fungua klipu uiburute mbele na nyuma, halafu anzisha kurenda kitu kirefu na uiache iendelee huku mnapiga stori za waranti. Weka kiganja chini ya mashine baada ya muda. Sikiliza feni kama unaweza kufanya kazi nayo kwenye chumba kimya. OLED kama macho yako ni mepesi kuchoka punguza mwanga mpaka chini kabisa uikodolee kidogo, baadhi zinapepesa kwa namna ambayo mwingine anaumwa kichwa na mwingine hahisi chochote.

Na hela ikibana, RAM kwanza, hifadhi baadae. Karibu zote nilizozitaja RAM imechomelewa, ukichukua GB 16 leo ndo umeoana nayo mpaka uiuze, lakini hifadhi unaongeza kwa SSD ya nje inayoingia mfukoni na miradi ya video unaifungulia humo humo. GB 16 kwa picha na muziki wa kawaida, 24 au 32 kwa video, chini ya 16 usiguse hata ukiambiwa ni ofa.

Kwa wanaosafiri kwa ndege, betri ya kompyuta isizidi Wh 100 (wati-saa, kipimo cha umeme unaobebwa na betri) kwa utaratibu wa kawaida wa mashirika, ndo maana mashine kubwa nyingi zinaishia 99 na kitu. Hizo hazina shida, lakini pawabenki kubwa unayoinunua kuisaidia laptopu ya gemu soma kwanza kilichoandikwa mgongoni kwake.