Albamu ya Remmy Ongala katika baridi ya Uyole

Tangu baridi ya Juni ilipoanza kuuma hapa Uyole, Mbeya, albamu ninayoirudia kila jioni ni Songs for the Poor Man, ambayo mwanamuziki Remmy Ongala na bendi yake, Orchestre Super Matimila, waliitoa mwaka 1989 kupitia lebo ya Real World ya Uingereza. Niliingiziwa kwenye flashi katika kibanda kimoja cha Mwanjelwa, mpangilio wa nyimbo ukiwa umevurugika, jambo ambalo halikunikera sana.

Utamu wake mkubwa umo katika magitaa: la solo linapoanza kuzunguka juu ya rithimu, hasa katika Kipenda Roho, mtu husahau kwamba chai imepoa, na sauti ya Remmy, yenye mkwaruzo wa mtu anayezungumza na majirani zake, huingia bila haraka. Nina lalamiko moja tu: studio imeisafisha sauti kupita kiasi, hivyo lile joto la ukumbi wa dansi limepungua. Anayetumia spika ndogo ya redio atalikosa besi karibu lote. Ni afadhali aazime spika kubwa, hata kwa jioni moja.